Mkono Unaopima Maji

Kwanza nilisikia kofi la maji. Nilikuwa bado nje ya lango, nikipapasa komeo kwa vidole, mfuko wa nyanya umening'inia mkononi, na kutoka nyuma ya nyumba ikaja ile sauti ambayo kila mwanamke wa mtaa wetu wa Rugenge anaijua hata akiwa usingizini: kitambaa kizito kinachovywa, kimya kifupi, kisha chwaa, maji ya moto yanatua kwenye mgongo wa mtu. Kimya. Chwaa. Kwa desturi, katikati ya kofi na kofi huwa kuna kelele. Mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, hulia, hutukana, humwita Mungu, na wanawake walioketi upande wa pili wa ukuta hucheka, kwa sababu kelele zile ni sehemu ya mambo, kama vigelegele arusini. Siku ile hapakuwa na kelele. Kofi, kimya, kofi. Nikadhani mdogo wangu amezoea.

Nilipozunguka nyumba nikamwona. Alikuwa amesimama ndani ya kibanda cha turubai tunamoogea, ameshika nguzo kwa mikono miwili, na kinywani ameuma kitenge kilichokunjwa mara nyingi hadi kikawa kama kipande cha mti. Macho yalikuwa wazi na hayakuangalia kitu. Machozi yalimtoka bila uso kusogea, kama maji yanavyotoka kwenye mwamba. Nyuma yake mama mkubwa, jasho linamtiririka, mikono mitupu mpaka kwenye mabega, alikuwa akichovya taulo kwenye beseni na kuimba chinichini wimbo wa kanisani.

"Njoo uone mudogo yako," aliniambia kwa fahari. "Leo amekuwa mwanamke. Halie tena."

Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, na mama mkubwa, dada yake, ndiye aliyetulea. Mdogo wangu aliolewa Sange, na mwalimu. Mimba ya kwanza ilipokomaa alirudi kwetu kuzalia, kama ilivyo desturi, ili akandwe na mikono ya kwao. Maana kwetu mwanamke aliyezaa huhesabiwa kuwa wazi, na kinachomfunga ni moto. Maji huchemshwa na majani ya mkaratusi na mchaichai, naye huchapwa nayo mgongoni, tumboni, kiunoni, asubuhi na alasiri, mpaka tumbo lirudi na damu mbaya iishe. Anayemkanda ni mama yake, au yule anayesimama mahali pa mama, na ni yeye peke yake anayepima maji. Anaingiza mkono. Mkono ukikubali, yamekubalika. Anayeogeshwa haulizwi. Ukimwuliza, wanasema, ataogopa, atasema yapoe, na atabaki wazi maisha yake yote. Mwoga hapimi dawa yake mwenyewe.

Na mkono wa mama mkubwa uliaminiwa kuliko mikono yote ya mtaani. Tangu usichana wake alikausha samaki kwa moshi kule Kalundu. Wenzake waligeuza samaki kwa vijiti, yeye aligeuza kwa vidole, waya ukiwa mwekundu chini. Jirani akikosa kibiriti, mama mkubwa alichukua kaa la moto kwenye mbabula yetu, yaani jiko la makaa, akalirusha kutoka kiganja hadi kiganja kama mtu anayepoza kiazi, akavuka nalo barabara akicheka. Ziwa lilipopanda na kumeza matanuri ya wanawake, alijenga lake upya juu kidogo kwa mawe ambayo wengine walisema hayajapoa. Tulipokwenda kuandikishwa kwa ajili ya kadi ya kupigia kura, mashine ilivikataa vidole vyake. Kijana wa mashine alivifuta, akavibonyeza, akavifuta tena. Havikuwa na mistari. Watu wa foleni walicheka, na mama mkubwa akacheka kuliko wote, akasema samaki wa Tanganyika ndio wamepiga kura kwa niaba yake.

Mdogo wangu alikuwa kinyume cha hayo yote, tangu tumboni nadhani. Mvua ikianza kupiga mabati aliingia chini ya kitanda na vidole masikioni, akakaa huko mpaka mifereji inyamaze. Sweta ya shule aliivaa ndani nje kwa sababu ya mishono. Kanisani hakuweza kukaa upande wa bafle, vile vipaza sauti vikubwa. Alichagua mlangoni, akalaumiwa kwamba anataka kutoroka ibada. Msimu wa ndagala, mji mzima ukinuka samaki waliotandazwa juani, yeye alikula akiwa ameziba pua kwa pamba. Na aliweza kusema, akiwa chumbani na pazia limeshushwa, nani amepita uani, kwa harufu ya sabuni yake tu. Mama mkubwa alimwita yai bila ganda. Mimi aliniita kisigino. Mimi nalala fofofo kanisa likikesha upande wa pili wa ukuta, ngoma zikigonga kitanda changu. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta huohuo. Miiba ya samaki naitafuna. Nilikua nikiamini kwamba sote wawili tulipewa dunia moja, ila mmoja alikuwa mlalamishi.

Siku ile baada ya maji alilala kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa mwekundu kama ndani ya pera. Majirani waliokuja kumwona mtoto waliinua shuka, wakautazama kama watu wanaokagua mkate, wakasema moto umeingia vizuri. Hapakuwa na lengelenge hata moja. Walipoondoka alinishika kidole.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "kesho, mbele ya minye niingie, weka mukono yako mu ile maji."

Nikaweka. Asubuhi yake nilichutama kando ya beseni, mama mkubwa akiniangalia kwa tabasamu la mtu anayejua majibu, nikazamisha mkono mpaka kwenye kifundo. Yalikuwa ya moto, ndiyo. Ya moto kupita maji ya kuoga. Nikavumilia pumzi chache bila shida. Nikasema yana moto lakini hayaunguzi. Mdogo wangu alinitazama, si kwa hasira, bali kwa mshangao, kama mtu aliyekuuliza njia ya kwenda sokoni ukamwambia soko halipo. Kisha akakunja kitenge, akakiuma, akatugeuzia mgongo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Beseni moja, ngozi tatu. Kwetu sikio husikia, pua husikia, na ngozi nayo husikia; neno ni lilelile moja, na labda ndiyo sababu tunadhani wote tunasikia kitu kilekile.

Kisha kitovu cha mtoto kikadondoka.

Mpaka hapo mtoto, msichana mwenye nywele nyingi, alikuwa akifutwa tu kwa kitambaa, na mama yake ndiye aliyemfuta. Lakini kitovu kikidondoka, bibi huchukua zamu. Humwogesha kwa maji ya majani, humnyoosha mikono na miguu, humkanda kichwa kikae umbo, humrusha juu kidogo ili asiwe mwoga. Mtoto ambaye bibi hakumwogesha, watu humsema mpaka ukubwani: akianguka, ni kwa sababu hiyo, akilia hovyo, ni kwa sababu hiyo. Mama mkubwa alikizika kitovu nyuma ya mgomba, akanawa, akatangaza kwamba alasiri ile mtoto ataingia majini.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani akinyonyesha. Hakuinua kichwa.

"Mutoto hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Minye nimevumilia, mama mukubwa. Mutoto hataingia mu maji yako."

Sijawahi kusikia mtu akimwambia mama mkubwa hapana ndani ya nyumba yake. Hata yeye alidhani ni utani. Alicheka kidogo, akanitazama mimi, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Weye nilikuogesha na hii mukono," akasema. "Na huyu yaya yako. Mulikufa?"

"Nililia?"

"Ulilia mupaka majirani wakataka kuhama. Mutoto analia. Asipolia, maji haijafanya kazi." Akasogea karibu, akashusha sauti, na hapo ndipo akamchoma kweli. "Ao unataka akuwe kama weye? Mutu anaogopa mvua?"

Mdogo wangu alimfunika mtoto kichwa kwa kiganja, kama mtu anayemziba asisikie. Nikaingilia. Nilisema basi mimi nitayapima maji ya mtoto, tumalize.

"Weye?" mdogo wangu akasema bila kunitazama. "Weye ni kisigino."

Mama mkubwa alitoka. Tulimsikia akivunja makaa, akipuliza moto, akigonga sufuria juu ya mbabula. Alikuwa ameamua. Nilielewa pia, kutokana na jinsi mdogo wangu alivyosogeza mgongo wake ukutani, kwamba naye ameamua, na kwamba baada ya muda mfupi mwanamke mmoja ataingia chumbani kumchukua mtoto na mwingine hatamtoa. Sikujua ningesimama upande gani. Kulikuwa na lawama tayari njiani. Sange si mbali, maneno hufika huko kabla ya gari, na mama mkwe wake hangekosa kuuliza huyu mtoto aliogeshwa na nani.

Niliketi uani nikichambua maharage. Jirani wa mkono wa kushoto alikuja kukaa nasi, na mama mkubwa akamweleza kila kitu kwa sauti ya kutosha kupenya pazia: kwamba siku hizi watoto wanazaa watoto na kuwafundisha wazee, kwamba yeye alimkanda hata mke wa mchungaji, kwamba kuna watu walizaliwa bila ganda na sasa wanataka dunia nzima itembee kwa ncha za vidole. Jirani aliitikia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mama mkubwa wangu, kando kabisa ya mbabula, mkono wa kulia ukizungumza hewani, wa kushoto ameuegemeza pembeni. Maji yalianza kutoa mvuke. Majani ya mchaichai yalinukia.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka chumbani.

"Nini inaungua?"

"Makala," mama mkubwa akajibu bila kugeuka.

"Haiko makala. Iko nyama."

Jirani akacheka mpaka akashika tumbo. Nyama, katika nyumba hii, katikati ya juma? Tulikuwa na maharage mbele yetu. Mama mkubwa akatikisa kichwa. "Umeona? Sasa hata pua nayo imezaa."

Nilinusa. Sikusikia kitu isipokuwa mchaichai na moshi wa kila siku. Nikarudi kwenye maharage. Lakini pazia likafunguka na mdogo wangu akatoka, mtoto kifuani, peku kwenye kokoto ambazo siku zote alizipita kwa kuchechemea, na safari hii hakuchechemea. Hakuitazama sufuria. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya mama mkubwa, akasimama, akautazama mkono wake wa kushoto.

"Mama mukubwa," akasema polepole. "Toa mukono."

"Mukono gani?"

Mama mkubwa akautazama wa kulia. Akaugeuza, hauna kitu. Ndipo akaangalia upande mwingine, na sisi sote tukaangalia. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya ukingo wa chuma wa mbabula, pale pale makaa yanapogusa, kimetulia kama mkono wa mtu aliyeegemea meza. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukipanda katikati ya vidole. Hapo ndipo harufu ilinifikia, na mpaka leo nikipita kwenye mishikaki ya barabarani nabadilisha upande.

Alipouinua, ngozi ilibaki.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kwa macho yangu, na nimezaliwa mahali ambapo macho huona mengi. Hakukunja uso, hakuvuta pumzi. Aliugeuza mkono, akautazama kwa udadisi, kama mfanyabiashara aliyeletewa mzigo asiouagiza. Akaugusa kwa kidole cha mkono mwingine. Akausogeza karibu na macho. Jirani alikuwa ameweka mikono kichwani. Bakuli la maharage lilikuwa limepinduka miguuni pangu na sikukumbuka kulipindua. Maji ya mtoto yalianza kuchemka, kifuniko kikaruka-ruka, na hakuna aliyeyajali ila mdogo wangu, ambaye alimpa jirani mtoto, akashika sufuria kwa kitenge, akaiweka chini.

"Haiumi," mama mkubwa akasema. Alituambia kama anayetuliza watoto. "Musiogope. Haiumi hata kidogo."

Tulipanda pikipiki moja kwenda kituo cha afya, dereva mbele, mama mkubwa katikati, mimi nyuma nikimshika kiuno. Njia nzima alinilaumu kwa kupoteza nauli kwa sababu ya mkono. Barabara ina mashimo, na kila tulipogonga shimo mkono ule ulipiga bega la dereva, na kila mara mimi niliuma meno na yeye aliendelea kuzungumza.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alisafisha kidonda, na alipokuwa akisafisha nikaona anamtazama usoni, si mkononi. Alimaliza, akafunga bandeji, kisha akachukua sindano ndogo, akamwomba afumbe macho na aseme kila atakapochomwa. Mama mkubwa akafumba, akaketi wima, kama anayepigwa picha.

Muuguzi alichoma ncha ya kidole cha mkono mzima, ule usioungua. Akachoma cha pili. Akapanda kiganjani, kwenye kifundo. Tone dogo la damu lilitokea. Mama mkubwa alisubiri.

"Anza sasa," akasema hatimaye.

"Nimeanza, mama."

"Umeanza wakati gani?"

Muuguzi alileta vikombe viwili vya bati, kimoja akajaza maji ya mtungi, kingine maji ya chai kutoka kwenye chupa, akayapunguza ukali kidogo. Akamwomba aguse kimoja baada ya kingine na aseme kipi ndicho cha moto. Mama mkubwa aligusa huku, akagusa kule. Alifikiri. Mwanamke ambaye nusu ya Rugenge imepita mikononi mwake, ambaye kidole chake kimoja kikisema ndiyo mzazi huinama, alifikiri mbele ya vikombe viwili vya maji. Kisha akakionyesha kimoja kwa uhakika.

Kilikuwa cha mtungi.

Muuguzi hakumcheka wala kumwambia. Alisogeza vikombe pembeni, akapima na miguu, akauliza tangu lini. Mama mkubwa akasema tangu lini nini, hii ni mikono ya moto, wanawake wote wa Kalundu wanayo. Kijana akasema moto pekee haufiki mpaka kwenye kifundo. Kuna magonjwa yanayoiba hisia polepole, mtu asijue, kwa sababu hakuna maumivu ya kumwambia. Itabidi apimwe sukari na mengine. Akachukua kalamu.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Samaki. Na naogesha wazazi."

Kalamu ikasimama. Akaniangalia mimi, juu ya miwani, na mimi nikaangalia sakafu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kitu ambacho sikutaka kukiona. Kwamba kwa miaka hii, sijui mingapi, hakuna aliyekuwa akipima maji. Mkono uliingia na kutoka, na kilichowaokoa wanawake kilikuwa sufuria ileile, makaa yaleyale, jagi lilelile la maji baridi lililotiwa kwa mazoea. Na alasiri ile, kwa ajili ya mtoto, alikuwa amechukua sufuria nyingine, ndogo, ambayo mazoea yale hayakuijua.

Tulirudi kwa miguu. Alikataa pikipiki. Watu walimsalimu, wakauliza mkono una nini, akajibu ameungua kidogo. Mbele ya kanisa alisimama, akaukwaruza ukuta wa matofali kwa vidole vya mkono mzima, kwa nguvu, mara mbili, kama anayebisha hodi kwa mtu anayejua yumo ndani. Kisha akaendelea kutembea.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa ameketi uani, mtoto mgongoni. Moto alikuwa ameuwasha upya na maji ya mtoto yalikuwa kwenye beseni la bluu, yakisubiri kupimwa. Nilimweleza kwa kifupi aliyoyasema muuguzi. Nilitegemea atalia, au atasema si niliwaambia. Badala yake alimtazama mama mkubwa akivua kitambaa cha kichwa, akikunja mikono ya gauni, akichutama kando ya beseni kama alasiri zote. Mama mkubwa akauingiza mkono mzima majini. Akaukaza humo. Akautoa, ukidondosha maji, akautazama.

"Leta mukono yako," akamwambia mdogo wangu.

Akaushika kwa kifundo, akauzamisha. Mdogo wangu akauvuta haraka. "Ongeza baridi." Mama mkubwa akaongeza kikombe. "Bado." Akaongeza. "Bado." Nilipoweka changu kwa siri upande wa pili, kwangu yalikuwa yameshapoa, maji ya mtu aliyechelewa kuoga. "Bado kidogo," mdogo wangu akasema. Kisha akasema hapo.

"Hapa?"

"Hapa."

"Hii ndiyo weye unaita moto?"

"Iko moto, mama mukubwa. Iko moto muzuri."

Mama mkubwa aliyatazama yale maji kwa muda mrefu. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kupanda na turubai la kibanda lilivimba na kunywea.

"Na ile ya siku zote?"

Mdogo wangu alikuwa akimfungua mtoto mgongoni. "Ile," akasema, "nilikuwa naomba nizimie."

"Na ukanyamaza."

"Siku ya kwanza nililia. Ulisema nadeka."

Mdogo wangu alichutama, akamshika mtoto kwa shingo na makalio, akamshusha. Mama mkubwa hakuomba kumshika. Alichota maji kwa kikombe akayamwaga, kidogo kidogo, juu ya tumbo dogo, akifuata uso wa mdogo wangu na si wa mtoto, akisubiri ishara yoyote ya kukataa. Mtoto alishtuka kidogo maji yalipomgusa. Kisha vidole vyake, vilivyokuwa ngumi tangu azaliwe, vikafunguka kimoja kimoja. Akatazama juu, kwenye mwanga, mdomo wazi.

"Halie," mama mkubwa akasema.

"Halie."

"Wote wanalia."

Kikombe kilimponyoka mama mkubwa. Sidhani alikisikia kikimtoka. Alikaa chini kabisa, mavumbini, yeye ambaye hakuwahi kukaa bila kigoda, na akaanza kuwataja, si kwa majina, kwa malango yao: yule wa lango la kijani, yule mama wa mapacha, yule binti aliyemwuma mkono katikati ya maji akampiga paja atulie. Alisema kila mmoja alilia namna gani. Alikuwa anakumbuka sauti zote. Alizihifadhi miaka yote kama ushahidi wa kazi nzuri, na sasa zilimrudia zote alasiri moja, na uso wake ukawa uso ambao sijawahi kuuona kwa mtu mzima, uso wa mtu anayesikia maumivu kwa mara ya kwanza na hajui yanatoka sehemu gani ya mwili.

Kisha akalitazama jua.

"Yule wa karibu na bomba," akasema.

Nilijua anamaanisha nani. Msichana mdogo, mzazi wa juma lile, mtoto wake naye kitovu kilikuwa kimedondoka. Saa hizi walikuwa wakimsubiri. Maji yangekuwa motoni, na huko yanapimwa na mkono wa mama mkubwa tu, hakuna mwingine anayethubutu. Na akichelewa, wangetumia hayohayo aliyowazoesha.

Aliinuka. Aliingia ndani, akatafuta kitenge, akajifunga. Nilisema nitakwenda mimi, nitawaambia mama mkubwa ameungua, hawezi kuja. Ni kweli, hata si uongo. Alinikatalia kwa kichwa.

"Utasema nimeungua," akasema. "Lazima niseme minye mwenyewe kwamba hii mukono haisikii."

Mdogo wangu alikuwa ametufuata ndani, mtoto amemfunga kwenye taulo, amesimama katikati ya chumba. Mama mkubwa alipita karibu yake, akasita, akainua mkono mzima kana kwamba atamgusa mtoto shavuni, akaushusha bila kugusa. Akaenda kwenye mlango wa mbele. Alishika kitasa kwa mkono uliofungwa bandeji, akakizungusha kwa nguvu zote, na mimi na mdogo wangu tukakunja uso kwa pamoja. Yeye hakukunja. Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.